Maswali ya wasomaji: Korona ilimkuta mwanao akiwa katika hali gani?

Mwezi huu tumekusanya barua zinazofanana. Wengi wanaoziandika wanazungumzia vijana waliokuwa na miaka 12 hadi 16 shule zilipofungwa mwaka 2020, na ambao leo ni watu wazima au wanakaribia. Baadhi ya barua tumezifupisha.

Watoto wawili, nyumba moja

*Ndugu wahariri, nina watoto wawili wa kiume. Shule zilipofungwa Machi 2020 mmoja alikuwa kidato cha kwanza na mwingine kidato cha tatu. Nyumba moja, chungu kimoja, baba mmoja. Mkubwa alilima bustani, akajisomea, akarudi shule kama vile hakuna kilichotokea. Mdogo alijifungia chumbani, akawa halali usiku. Sasa ana miaka 19, na kila ukitangazwa ugonjwa mpya anarudi kulekule. Nilikosea wapi? — Mama, Morogoro*

Mama, hilo la kukosea liweke kando kwanza. Lipo swali lenye faida zaidi: mwaka 2019, kabla hatujalisikia jina la korona, mdogo alikuwaje? Alikuwa akilala vizuri? Alikuwa na rafiki hata mmoja? Alikuwa akilalamika tumbo kila Jumapili jioni?

Tunauliza hivyo kwa sababu jambo hili limepimwa. Huko Zurich, Uswisi, watafiti wamekuwa wakifuatilia kundi la watoto tangu 2004, walipoingia darasa la kwanza. Janga lilipofika vijana hao walikuwa na miaka 22 hivi, na 786 kati yao waliulizwa hali zao katika miezi ya mwanzo ya watu kufungiwa. Kwa kuwa taarifa zao za nyuma zilikuwepo, iliwezekana kulinganisha. Kilichoonyesha kwa nguvu kuliko vyote nani angeteseka kihisia wakati wa korona ni mateso ya kihisia aliyokuwa nayo kabla ya korona. Baada ya hapo yalifuata kuvurugika kwa maisha na kipato, kukata tamaa, na misukosuko ya nyuma kama kuonewa na wenzao. Hofu na adha za virusi vyenyewe zilichangia kidogo.

Kwa hiyo wanao walipigwa na dhoruba moja, ila mmoja huenda aliingia akiwa tayari amelowa. Hilo halimaanishi kwamba alikuwa ameandikiwa kushindwa. Utafiti kama huo hupima uwezekano katika kundi, na wapo waliokuwa na hali mbaya kabla ambao walivuka salama. Waliofuata ratiba ya kila siku, waliofanya mazoezi ya mwili na waliojifunza kulitazama jambo kwa upande wake mwingine walikuwa na nafuu zaidi.

Sasa, ndani ya chumba kile kulitokea nini? Kwa mtoto mwenye wasiwasi, shule ni nguzo asiyoijua. Kengele ya asubuhi, foleni ya uji, mpira wa jioni, rafiki wa dawati moja: vyote vinamshikilia bila yeye kuvichagua. Ukiving'oa kwa siku moja, anayeyumba kwanza ni yule aliyekuwa ameviegemea zaidi. Kwa kawaida usingizi ndio huanza kuharibika. Katika balehe saa ya mwili husogea mbele yenyewe, kijana akachelewa kusikia usingizi. Kengele isipokuwepo analala saa 8 usiku na kuamka saa 5 asubuhi. Amekosa mwanga wa asubuhi unaoiweka sawa saa hiyo, amekosa chai na wenzake, na amepata saa nyingi za usiku akiwa peke yake. Saa hizo ndizo za kucheua mawazo: jambo lilelile linarudi mdomoni, linatafunwa, halimezwi wala halitemwi. Baada ya wiki mbili za namna hiyo hata mtu mzima aliye imara atakuwa mnyonge.

Huyo wa miaka 19 anza naye hivi. Siku ambayo hajambo, si siku aliyojifungia, kaeni na karatasi yenye safu tatu: kabla ya kufungwa shule, wakati shule zimefungwa, na baada ya kurudi. Mwachie ajaze mwenyewe usingizi, marafiki, chakula, masomo na mambo aliyokuwa akiyapenda. Usimsahihishe hata akikumbuka tofauti na wewe. Mnachokitafuta ni kimoja tu, yaani kinachovunjika kwanza. Wengi watagundua ni usingizi, wengine ni kuacha kujibu simu za marafiki. Hicho ndicho kitakuwa king'ora chake. Kikilia siku tatu mfululizo, mpango unaanza hapohapo, hamsubiri wiki ya tatu.

Kama ni usingizi, msirekebishe saa ya kulala. Hakuna anayeweza kujilazimisha kusinzia, lakini kuamka kunawezekana. Rudisheni saa ya kuamka nyuma kwa dakika 15 hadi 30 kila baada ya siku mbili au tatu, Jumamosi na Jumapili zikiwemo, na akiamka atoke nje juani angalau nusu saa. Wazazi wengi huharibu kwa kumwamsha saa 12 siku ya kwanza; siku ya pili mtoto amechoka, analala mchana, na usiku unaharibika upya.

Kisha mpeni tendo moja dogo lenye saa yake, kama kumwagilia mche, kwenda dukani au kumpigia binamu. Alifanye ajisikie asijisikie. Mtu mwenye sonona, yaani huzuni nzito isiyokwisha, akisubiri hamu ije ndipo aanze, atasubiri sana, kwa kuwa hamu hutanguliwa na tendo. Wiki ya kwanza tendo moja linatosha. Mkiweka matano, siku ya tatu yote yatakuwa yameanguka, na yeye atakuwa amepata ushahidi mwingine wa kujidharau.

Nani wa kumwangalia darasani?

*Ninafundisha sekondari na ndimi mwalimu wa ushauri nasaha. Mwaka 2020 tulifunga shule ghafla Machi, kidato cha nne wakarudi Oktoba na wengine Januari 2021. Tuliowapoteza ni wale ambao hatukuwatarajia. Tukifungiwa tena, nitajuaje nani wa kumfuatilia? — Mwalimu, Kakamega*

Mwalimu, orodha hiyo itengenezwe shule zikiwa wazi, tena muhula huu. Siku ya kufunga utakuwa unatafuta mabasi.

Makosa ya kawaida ni kuwaandika watundu peke yao. Mtundu anaonekana. Anayeweza kukuponyoka ni yule wa alama 60 asiyeongea, aliyeacha mchezo aliokuwa akiupenda, anayekula mwisho ili asikae na watu, anayekwenda zahanati ya shule kwa kichwa na tumbo kila wiki bila ugonjwa kuonekana. Waulize walimu wa madarasa jambo moja tu: nani amebadilika tangu muhula uliopita? Anza na hao waliobadilika, hata kama alama zao bado ni nzuri.

Ukitaka kipimo cha dalili za sonona, lipo dodoso liitwalo PHQ-9, ambalo lina tafsiri ya Kiswahili iliyofanyiwa majaribio. Lina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila jibu linapata alama 0 hadi 3, na jumla ya juu ni 27. Kuanzia 10 mwanafunzi huyo aonane na mhudumu wa afya. Kipimo hiki kinachuja tu, hakitoi hukumu ya ugonjwa. Swali la tisa, linalohusu mawazo ya kufa au kujidhuru, lisome peke yake. Jibu lolote lililo juu ya 0 linashughulikiwa siku hiyohiyo, hata kama jumla ni 4. Ndiyo maana fomu hizi hazigawiwi Ijumaa jioni zikasomwe Jumatatu. Usizigawe pia kabla hujajua utampeleka wapi atakayehitaji msaada, na usimwite mtoto kwa jina mbele ya gwaride; ukifanya hivyo mara moja, mwaka mzima hakuna atakayejibu ukweli.

Wale ulioandika, chukua namba mbili za simu kwa kila mmoja, ya mzazi na ya mtu mwingine ambaye mtoto mwenyewe amemtaja. Shule zikifungwa, piga mara moja kwa wiki, siku ileile na saa ileile, dakika 10. Usiulize "Uko sawa?" kwa sababu jibu ni "Niko sawa" na mazungumzo yameisha. Uliza: "Jana ulilala saa ngapi? Umeongea na nani wiki hii asiye wa nyumbani? Ni kitu gani kimekuwa kigumu zaidi tangu tulipoongea?" Majibu ya maswali mawili ya kwanza yaandike. Yakiharibika kwa wiki mbili mfululizo, mzazi aitwe.

Tena mwalimu, usiishie kwenye kuchuja. Kenya kwenu kuna mfano ambao ungestahili kuigwa kila mahali. Mpango uitwao Shamiri ulijaribiwa kwa wanafunzi 413 wa sekondari waliokuwa na dalili za sonona au wasiwasi, kwa vikao vinne tu vya saa moja, kimoja kwa wiki. Waliowaongoza ni vijana waliomaliza sekondari karibuni, wakapewa mafunzo mafupi. Walizungumzia kwamba mtu hubadilika na kukua, shukrani, na mambo ambayo kila mmoja anayathamini. Neno ugonjwa wa akili halikuhitajika, na hilo ni kubwa sana mahali ambapo neno hilo humfanya mtoto akimbie. Dalili zilipungua kuliko za kundi jingine lililofundishwa mbinu za kusoma, na tofauti hiyo ilikuwa bado ipo miezi saba baadaye. Saa nne kwa muhula zinapatikana katika ratiba ya shule yoyote.

Nilifurahi shule zilipofungwa

*Shikamooni wahariri. Mwaka 2020 nilikuwa na miaka 14, nikisoma bweni Uganda ambako shangazi yangu anaishi. Nilikuwa nanyanyaswa sana na wenzangu. Shule zilipofungwa niliona nimepumzika, nikalala vizuri kwa mara ya kwanza. Wenzangu wanasema korona iliwaharibia maisha, mimi naona aibu kusema iliniokoa. Lakini tuliporudi nilikuwa natapika asubuhi. Sasa niko chuo, nikisikia mlipuko wa ugonjwa moyo wangu unafurahi kwamba labda watafunga. Je, mimi ni mtu mbaya? — Binti, Arusha*

Marahaba, binti. Hapana, wewe si mtu mbaya, na wala si peke yako. Kusini-magharibi mwa Uingereza, wanafunzi zaidi ya 1,000 wa miaka 13 na 14 kutoka shule 17 walijaza dodoso Oktoba 2019, wakajaza tena Aprili na Mei 2020 wakiwa wamefungiwa majumbani. Wengi walitarajia wasiwasi ungepanda. Ulishuka. Na uliposhuka zaidi ni kwa wale ambao kabla ya janga walikuwa hawajioni kuwa sehemu ya shule yao. Furaha yako ilikuwa inasema ukweli kuhusu bweni lile, kwamba palikuwa mahali pa kuumizwa na hakuna mtu mzima aliyeuona ukweli huo.

Tatizo lilianza baadaye, na Uganda lilikuwa na muda mrefu wa kuota mizizi. Shule zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa kwa wote hadi 10 Januari 2022, muda mrefu kuliko karibu kila mahali duniani. Hofu ina tabia moja: kila unapoikwepa unapata nafuu papo hapo, na nafuu hiyo inaufundisha ubongo kwamba hatari ilikuwa ya kweli na kukimbia ndiko kulikokuokoa. Miezi 22 ya nafuu ni shule ndefu. Ndiyo maana kutapika kulikuja siku ya kurudi.

Kabla hatujakupa zoezi, jibu hili kwa uaminifu: huko chuoni kuna mtu anayekunyanyasa sasa? Kama yupo, zoezi lisubiri. Mtu hafundishwi kuzoea kuumizwa. Nenda kwa mlezi wa wanafunzi ukiwa umeandika tarehe, mahali na kilichofanyika, na nakala moja ubaki nayo. Kama hayupo, na kinachokutesa ni kumbukumbu, tengeneza ngazi.

Andika mambo 8 hadi 10 unayoyakwepa kuhusu chuo na watu, kila moja ulipe alama ya hofu kuanzia 0 hadi 100. Mfano: kupita mbele ya kundi la wasichana wanaocheka, 40; kula kwenye ukumbi wa chakula peke yako, 55; kuuliza swali darasani, 70; kulala bweni, 90. Anza na lenye 30 au 40. Lenye 10 halikufundishi kitu, na lenye 90 litakurudisha nyumbani. Liingie na ukae humo mpaka hofu ishuke kufikia nusu, kwa kawaida kati ya dakika 20 na 45. Lile la kupita tu halichukui muda huo, kwa hiyo lirudie mara kadhaa kwa mkupuo mmoja. Fanya hivyo mara tatu au nne kwa wiki, na usipande ngazi mpaka ile uliyopo imekuwa ya kuchosha.

Zoezi hili huharibika mahali pawili. Kwanza, kuondoka hofu ikiwa kileleni. Hapo umeukabidhi ubongo ushahidi uleule wa zamani. Ukishindwa kabisa, toka, tulia dakika tano, urudi siku hiyohiyo kwenye jambo jepesi zaidi. Pili ni vishikizo: kuinamia simu muda wote, kuweka visikizi masikioni, kwenda na rafiki anayekuongelea. Mwili upo ukumbini lakini akili imejificha, na ubongo unahesabu kwamba kilichokuokoa ni simu. Mwanzoni unaweza kuwa nacho kishikizo kimoja, ila kipangie siku ya kukiacha.

Ukiona hofu haishuki baada ya wiki nne, au ndoto za bweni lile zinakuamsha usiku, hapo unahitaji mtaalamu wa kukaa nawe ana kwa ana. Kumbukumbu za namna hiyo zina matibabu yake, na ngazi peke yake haitoshi.

Wanasema amerogwa

*Binti yetu ana miaka 17, ameacha kula na kuongea, anasema bora asingezaliwa. Ukoo umegawanyika, wengine wanataka maombi, wengine mganga. Mimi naona hospitali. — Baba, Tanga*

Baba, hospitali, tena leo. Anayesema bora asingezaliwa aulizwe waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo. Mara nyingi linamtua mzigo. Asiachwe peke yake, na dawa zote za nyumbani, sumu za panya na viuatilifu vya shamba vitoke ndani au vifungiwe kwa ufunguo unaokaa na wewe.

Anzeni hospitali ya mkoa. Wakihitaji kumpeleka mbele zaidi, ipo Muhimbili Dar es Salaam na Mirembe Dodoma. Kwa wasomaji wetu wa Zanzibar ipo Kidongo Chekundu, Nairobi ipo Mathari, Kampala ipo Butabika. Simu ya kusaidia watoto ni 116, bila malipo, Tanzania, Kenya na Uganda.

Maombi yaendelee, hayagombani na daktari. Akiandikiwa dawa ya sonona, jueni kwamba nafuu huchukua wiki mbili hadi sita. Wiki za kwanza ndizo za kumkaa karibu zaidi, kwa kuwa kwa vijana mawazo ya kujidhuru yanaweza kuongezeka mwanzoni mwa dawa. Akipata nafuu asiiache ghafla. Daktari ataipunguza kidogo kidogo.

Mpango wa nyumbani

*Huku kwetu Kagera tumepata homa ya Marburg 2023, ikarudi Biharamulo 2025. Nalea wajukuu watatu: msichana wa 15, mvulana wa 13 na mdogo wa 10. Wakifungiwa tena nifanyeje wasiharibikiwe kama wale wa korona? — Bibi, Bukoba*

Shikamoo bibi. Huhitaji ratiba ya shule nyumbani. Shikilia misumari minne tu kwa siku, mengine yaelee: saa ya kuamka, saa ya kula pamoja, saa ya kutoka jasho, saa ya simu kuondoka chumbani. Wa 13 na wa 15 wanahitaji usingizi wa jumla ya saa 8 hadi 10, wa 10 jumla ya saa 9 hadi 12. Jasho liwe saa nzima kwa siku, hata likikatwa vipande: kuchota maji, kuruka kamba, kucheza mpira uani.

Habari za ugonjwa zisikilizwe mara mbili kwa siku, kwenye chanzo kimoja cha kuaminika, na redio izimwe. Inayonguruma kutwa nzima haiwaongezei maarifa, inawaongezea mapigo ya moyo. Baada ya taarifa ya jioni waulize wamesikia nini na kipi hawakukielewa. Ukweli mfupi unawatosha: ugonjwa unaambukizwaje, sisi tunafanya nini, nani yuko salama leo.

Mtoto akisema "Mwaka wangu umeharibika," usimwambie "Usijali." Anajali. Kubali kwanza: "Ni kweli, mtihani umesogezwa na inauma." Kisha mwulize: "Katika hili, kuna nini ambacho bado kiko mikononi mwako?" Sentensi ya pili aitamke yeye, hata ikichelewa hadi kesho. Ukimpa ya kwako itakuwa mawaidha, naye ameshayasikia mengi.

Mtazame sana huyo wa 15. Shule zikifungwa, kazi za nyumba humwangukia msichana bila mtu kuamua hivyo: kupika, kufua, mdogo, maji. Ikifika jioni hana hata saa moja yake, na uchovu wake unaitwa ukaidi. Zihesabu kazi kwa vidole mbele yao wote, umpe wa 13 nusu yake. Kisha msichana apewe saa moja kila siku ya kusoma au kuongea na rafiki, asiyoitwa na mtu yeyote, na wewe bibi uwe mlinzi wa saa hiyo.